Uhakiki wa Mama Fulani

"Tumwite huyu huyu jina hilo, dada, yaishe," afisa wa uhakiki wa nyumba alisema, na kalamu yake ikamwelekea mwanangu aliyekuwa amelala mgongoni kwangu.

Nadhani alikuwa ananisaidia. Nimelifikiria sana jambo hilo na bado nadhani hivyo. Alikuwa kijana wa umri wangu, shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu waliosimama tangu asubuhi kwenye ule upepo wetu wa Julai unaochoma masikio. Yeye alitaka foleni isogee. Mfumo unamtaka mtoto mwenye jina fulani, mimi nina mtoto, basi mtoto apewe jina.

"Hapo nje kuna wakili," akaendelea. "Unakula kiapo kwamba huyu ndiye yule. Picha tunampiga sasa hivi. Ijumaa unaingia kwenye orodha ya mwisho."

"Yule nani?"

"Si huyu aliyeandikwa hapa? Mtegemezi wako."

"Huyo yuko makaburini. Nenda kamhakiki huko."

Waliokuwepo wanasema nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Mimi nakumbuka nilisema kwa sauti ya kawaida tu. Nakumbuka pia kwamba nilikichukua kile kidau cha wino wa dole gumba, nikakifunika, pa, nikakitia kwenye mkoba wangu, nikaanza kuondoka nacho. Kwa nini, sijui. Labda niliona kwamba wino ukitoka pale, hakuna mtu mwingine atakayesaini uongo.

"We dada, rudisha wino!" mwanamume mmoja akaita kutoka kwenye foleni. "Ugomvi wako na afisa, sisi tunataka nyumba!"

"Muacheni, kachanganyikiwa."

"Achanganyikiwe bila kidau!"

Watu wakacheka. Nikakirudisha. Nilikiweka mezani kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, nikatoka. Tangu hapo kuna kitu kilizima ndani, na sijui kama kimeshawaka. Nilifika nyumbani, nikapika ugali, nikala, nikaosha vyombo. Hasira ilikuwepo, niliijua ipo, ila ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi. Unaugusa, unauona ni wako, hausikii kitu.

Ngoja nieleze tangu mwanzo.

Mume wangu alizaliwa kwenye kota za karakana ya mabasi. Baba yake alikuwa fundi wa breki enzi mabasi ya umma yalipokuwa yanatembea. Mabasi yakafa, karakana ikafungwa, mafundi wakastaafu na wengine wakafariki, lakini familia zikabaki kwenye zile kota, vyumba viwili viwili vimepangana kama mabehewa, na uwanja katikati ambao hata mvua ikinyesha mwezi mzima hauoti jani, kwa sababu ya mafuta machafu yaliyomwagwa pale miaka na miaka. Nilikuja pale nikiwa bi harusi. Mume baadaye akaenda machimboni kutafuta maisha, akayapata huko huko, hajarudi. Nikabaki kwenye kota.

Kisha lile shirika la usafiri lenye eneo likakumbuka kwamba lina eneo. Jina lake silitaji. Wakaitisha mkutano uwanjani, wakaleta viti vya plastiki na maturubai. Mkubwa wao akasimama akatueleza, na nisiwe mnafiki, alieleza vizuri. Alisema ardhi hii ni ya umma na imekaa bure katikati ya mji. Alisema tangu Serikali ihamie Dodoma vyumba vimepanda bei, wafagiaji, wapishi na mafundi wanasukumwa kwenda kuishi porini huko, asubuhi wanahangaika kufika kazini. Kwa hiyo shirika litajenga majengo manne ya nyumba za gharama nafuu, chini kituo cha mabasi, juu watu. Mtu atashuka ngazi na kupanda basi. Na sisi tunaoishi pale tutapisha mradi, na ukikamilika tutakuwa wa kwanza kurudi.

Bibi mmoja wa chumba cha mwisho akanyoosha mkono. "Baba, mimi nina mbuzi watatu. Wao watakaa ghorofa ya ngapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkubwa naye akacheka, akasema mbuzi watajadiliwa.

"Wajadiliwe mapema," bibi akasema. "Mmoja ana mimba."

Nililipenda lile wazo. Naliandika hili ili isionekane mimi ni mtu wa kupinga maendeleo. Nilipokuwa naenda kazini mtaa wa Majengo, ninakochambua karanga kwenye ghala la nafaka, nilikuwa najihesabia ngazi. Nilitaka ghorofa ya kwanza, kwa sababu ya mtoto. Na hilo neno kupisha sikuliogopa. Ukikutana na mtu mzima kwenye njia nyembamba unampisha, unasimama pembeni, yeye anapita, wewe unarudi njiani. Hivyo ndivyo nilivyolielewa.

Sasa jina.

Jina la mwanangu wa kwanza siliandiki hapa. Limeandikwa vya kutosha na watu wasiohusika. Nitamwita Fulani. Siku niliyotoka naye hospitali, kota nzima iliacha kuniita jina langu. Nikawa Mama Fulani, na nilipenda, nani asiyependa. Jina langu la cheti cha kidato cha nne likabaki kabatini na cheti chenyewe. Kwetu hapa kumwita mwanamke mwenye mtoto kwa jina lake mwenyewe ni kumvunjia heshima, ni kama unamdai kitu.

Fulani alifariki akiwa na miaka mitatu. Nimonia, siku nne. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Watu waliendelea kuniita Mama Fulani. Nilipomzaa wa pili nilidhani labda watabadilisha, lakini jina la kifungua mimba halivuliwi, na wazee waliniambia wazi kwamba kulivua ni kama kumzika mtoto mara ya pili. Nikakubali. Nikawa naitika, mara kumi, ishirini kwa siku, sokoni, bombani, dukani. Unazoea. Mtu anazoea mpaka kitanda kibovu.

Baada ya ule mkutano walikuja waandikishaji, vijana wawili na kishikwambi, wakapita mlango kwa mlango wakiandika nani anaishi wapi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba atakayeandikwa ndiye atakayerudi. Tuliambiwa pia watakuja Jumatano. Walikuja Jumanne, na Jumanne mimi nilikuwa ghalani, mwanangu mdogo yuko nami kwenye gunia tupu, tunachambua karanga.

Aliyewatembeza ni balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa watu, baraghashia na koti, ambaye hajawahi kumnyima mtu barua. Walipofika mlangoni kwangu na kukuta kufuli, walimuuliza hapa anaishi nani.

"Hapa kwa Mama Fulani," balozi akasema.

Kijana akaandika kwenye nafasi ya mkuu wa kaya: Mama Fulani. Kisha akashuka kwenye nafasi ya wategemezi. Akatumia akili. Mama Fulani lazima ana mtoto anayeitwa Fulani. Akaandika: Fulani. Wategemezi: mmoja. Akabandika kikaratasi chenye namba mlangoni, akaenda mlango unaofuata.

Niliporudi nilikikuta kile kikaratasi. Kilikuwa na namba tu, hakina jina. Nikakihifadhi ndani ya Biblia nikijua mambo yangu yako sawa.

Tukapisha. Nikahamia Chang'ombe, chumba kimoja, choo cha kuchangia na kaya tano. Kota zikavunjwa kwa siku mbili. Majengo yakaanza kupanda, na kila nikipita niliona yameongezeka, mpaka yakapakwa rangi, mpaka madirisha yakawekwa vioo. Chini mabasi yakaanza kuingia. Mwaka huu wakabandika orodha ukutani kwa kituo, pamoja na tangazo kwamba kila aliyeandikwa aje kuhakikiwa na kitambulisho chake, yeye na wategemezi wake. Asiyehakikiwa, nafasi yake itapewa mwombaji mwingine.

Nilitafuta jina langu kwenye herufi yake. Halikuwepo. Nikatafuta tena. Nikarudi mwanzo, nikashusha kidole mstari kwa mstari, na kwenye M nikakuta MAMA FULANI, na mbele yake, MTEGEMEZI: FULANI.

Lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa. Nilikuwa sijaliona limeandikwa popote tangu kadi ya kliniki. Nilisimama pale muda ambao siujui, watu wananipita wanapanda mabasi, na kitu pekee nilichofikiria ni kwamba wamelipatia, hawajakosea hata herufi moja.

Mara ya kwanza kwenda dirishani niliambiwa kitambulisho changu hakilingani na orodha. Nikaeleza. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa dada, ila mfumo hauna sehemu ya kubadilisha jina la mkuu wa kaya. Mlete balozi." Mara ya pili nilienda kuuliza nimlete lini, wakasema mtandao unasumbua, balozi aandike barua tu. Nikamfuata balozi kwake, mahali alikohamia, Miyuji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, Mama Fulani. Karibu kiti."

Nikamweleza kilichotokea. Alivua baraghashia akaiweka gotini.

"Nilikutaja kwa heshima," akasema. "Ningesema jina lako la shule mbele ya vijana wale ningekuwa nimekudhalilisha."

"Najua, mzee."

"Tena wale vijana ni wa hapa hapa. Wamezaliwa na mama. Mama zao wanaitwaje?"

"Ndiyo hivyo, mzee."

Akachukua karatasi na kalamu, akaandika tarehe, akaandika namba ya shina, akafika kwenye *namtambulisha kwenu*, akasimama. Akaninyanyulia macho. Aliona aibu, mzee wa watu.

"Hivi jina lako hasa, mwanangu, ni nani vile?"

Miaka minane nilikaa kwenye shina lake. Alinizikia mwanangu, yeye ndiye aliyesimamia kaburi. Nikamtajia jina langu, nikamtajia na herufi moja moja, akaandika. Lilinitoka mdomoni kama jina la mtu ninayemfahamu kidogo.

Mara ya tatu nilipeleka barua. Mkuu wa kaya akatatuliwa, kwa maana barua iliambatanishwa na ikakubalika. Lakini sasa kazi ikabaki kwa mtegemezi. Mtoto aliyeandikwa lazima aonekane, au chumba chetu kinahesabiwa kuwa cha udanganyifu. Nikasema amefariki, na alifariki kabla hamjaja kuandikisha. Wakataka cheti cha kifo. Sina. Nani aliwahi kwenda kutafuta cheti cha kifo cha mtoto wa miaka mitatu? Tulizika, tukarudi. Wakasema basi, kama aliyeandikwa alikwishafariki kabla ya uandikishaji, taarifa za kaya ni za uongo tangu mwanzo, na kaya yenye taarifa za uongo inaondolewa. Nani aliyedanganya? Hawakusema. Na mwanangu aliye hai, niliyembeba mbele yao analia njaa? Huyo hayumo, dada.

Mara ya nne ndiyo ile ya kidau cha wino.

Ijumaa ilikuwa imebaki siku tatu. Kesho yake ghalani nikamsimulia mwenzangu tunayekaa naye gunia moja. Hakuacha kuchambua.

"Kubali," akasema.

"Nikubali nini?"

"Hicho kiapo. Jina tu hilo, shoga. Nyumba ni nyumba. Wangapi hapa wanarithisha watoto majina ya ndugu zao waliotangulia? Bibi yangu mimi aliitwa jina la dada yake aliyekufa, akazeeka nalo, akafa nalo, hakuna aliyeumwa."

"Bibi yako alipewa siku ya kuzaliwa."

"Na wako apewe leo. Ana miaka miwili, atajua nini? We utalala Chang'ombe na choo cha foleni kwa sababu ya herufi?"

Hakusema ujinga. Karanga mbovu huku, nzima kule. Niliona hana kosa, na niliona kwamba mimi nilishamaliza ugomvi wangu pale dirishani, na kwamba kinachonizuia sasa si hasira wala uchungu. Nilikuwa sisikii kitu. Mtu asiyesikia kitu anaweza kusaini chochote.

Jioni hiyo, tukiwa uani pale Chang'ombe, mwanangu alikuwa amechuchumaa karibu na karo akijaza mchanga kwenye kifuniko cha sufuria, akinipa mgongo. Nikaamua kujaribu. Nikamwita Fulani.

Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea kuchota mchanga. Kisha alisikia kitu kwenye sauti, nadhani, kwa sababu aliangalia kulia na kushoto, akawa anamtafuta mtoto anayeitwa.

Nikamwita kwa jina lake. Akaja mbio, mchanga ukamwagika wote njiani.

Kidato cha pili tulifundishwa barua za kiofisi. Anuani kulia, anuani kushoto, kichwa cha habari kwa herufi kubwa kikiwa kimepigiwa mstari. Nilinunua karatasi nne za foolscap dukani, nikaharibu tatu. Sentensi ya *husika na kichwa cha habari hapo juu* niliiacha, kwa sababu anayehusika ni mimi. Na *wako mtiifu* nayo niliiacha, kwa sababu hiyo hiyo.

Alhamisi nikaipeleka. Dawati la malalamiko liko ghorofa ya pili ya ofisi za shirika, chumba cha mwisho. Mama aliyepokea barua alikuwa mtu mzima, miwani imeshuka puani. Nikamwamkia, akaitikia. Akaisoma yote, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hujaomba nyumba humu."

"Nimeandika ninachotaka."

"Watakwambia hiki si kitu cha dawati hili. Watasema kirudi kwenye uhakiki."

"Wakisema, waandike. Wasiniambie kwa mdomo."

Akaniangalia juu ya miwani. Kisha akaingiza barua kwenye rejista, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akaweka tarehe na sahihi yake. Nainakili hapa kama ilivyo, ila majina na namba nimeyatoa.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO ALIYEANDIKWA KUWA HAI NA MTOTO ALIYE HAI AMBAYE HAJAANDIKWA

Mimi ni mkazi wa zamani wa kota za karakana. Nilipisha mradi nilipoambiwa nipishe.

Kwenye orodha yenu mimi naitwa Mama Fulani. Hilo ni jina la heshima nililopewa na majirani. Si jina langu la kisheria. Balozi hakukosea kulisema. Mwandikishaji wenu alikosea kuliandika, kwa sababu hakuniuliza, na alikuja siku ambayo si ile tuliyoambiwa.

Kwenye orodha hiyo hiyo mmeandika kuwa nina mtegemezi mmoja aitwaye Fulani. Mtoto huyo ni wangu na alifariki kabla ya uandikishaji. Sikumwandikisha mimi. Hakuna mtu aliyesema yu hai. Jina lake limekisiwa na mtumishi wenu kutokana na jina langu. Kwa hiyo siyo kweli kwamba nimetoa taarifa za uongo, na naomba mtu yeyote asilirudie neno hilo juu yangu.

Nina mtoto mmoja aliye hai. Kadi yake ya kliniki na cheti cha kuzaliwa nimeviambatanisha. Watumishi wenu wamemwona kwa macho mara nne.

Afisa wenu wa uhakiki alinishauri nile kiapo kwamba mtoto huyu ni yule. Jina la afisa sitalitaja kwa sababu naamini alitaka kunisaidia, na kwa sababu kosa si lake peke yake, ni la fomu isiyo na mahali pa kusahihisha. Nilifikiria kukubali. Sitakula kiapo hicho, wala sitasaini karatasi yoyote yenye maana hiyo, hata kama kwa kukataa nitakosa nyumba.

Ninachotaka ni haya:

Jina la Fulani liondolewe kwenye orodha ukutani na kwenye mfumo, na liondolewe kwa kuandikwa kuwa ni kosa la mwandikishaji.

Jina langu liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Mwanangu aliye hai aandikwe kwa jina lake.

Chumba kilichotengwa kwa kaya yetu kisigawiwe kwa mtu mwingine mpaka nijibiwe kwa maandishi.

Kama hamwezi kufanya yote, anzeni na la kwanza.

Nimeandika kwa mkono wangu na akili yangu timamu,

(sahihi)